Barua ya wazi kwa madiwani wetu: msitufungie Kiha msibani

Shikamooni waheshimiwa madiwani wa halmashauri yetu, shikamoo afisa utamaduni, na wewe mtendaji wa kata sikutaji jina maana unajijua na mimi unanijua, tulionana usiku ule kwenye msiba wa bibi yangu na hatukuachana vizuri.

Mwakeye. Nimeona nitangulize salamu ya nyumbani, ya Kiha, lugha yetu sisi Waha wa Kigoma, kabla hamjanipangia lugha ya kusalimia.

Mimi ni dereva bodaboda, kijiwe changu kipo Mwanga hapa Kigoma mjini, ila kwetu ni kijijini upande wa Kasulu na huko ndo tunakozikana. Sina cheo, sigombei kitu, msije mkasema barua hii ni kampeni. Kilichonifanya niandike ni ile karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo pale ofisi ya kata, rasimu ya sheria ndogo ya kuratibu misiba na mikusanyiko ya usiku. Nilikuwa nimempeleka abiria nikaiona nikaipiga picha, jioni nikairusha kwenye grupu la ukoo, mpaka asubuhi meseji zilikuwa mia na kitu, hadi baba mdogo wa Tanga ambae kazi yake ni kutuma picha za maua na "asubuhi njema" siku hiyo aliandika aya nzima.

Nimeisoma mara tatu. Kuna mambo mule ndani nayaunga mkono kabisa na nitayasema. Lakini kuna mistari miwili imenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka. Mmoja unasema wasifu wa marehemu, salamu za rambirambi na matangazo yote msibani yatolewe kwa lugha ya taifa "ili kuondoa ubaguzi na usumbufu". Wa pili unasema "vyombo vya sauti zikiwemo ngoma za jadi" vizimwe saa 4 usiku. Yani spika la jenereta na ngoma ya ngozi mmeviweka kapu moja. Na hapo ndo nataka tuongee, ila inabidi niwarudishe kwanza kwenye msiba wa bibi maana naona mtendaji alivyoandika ripoti yake aliandika nusu.

Bibi alikufa mwezi wa pili, mzee wa miaka themanini na kitu. Tukapanda wote kutoka mjini, wengine Noah, wengine pikipiki, vijana wa kijiwe changu peke yao walikuwa pikipiki kumi na nne. Tulishona tisheti zenye picha ya bibi, tukakodi MC na spika kubwa mbili na jenereta, kwa sababu siku hizi msiba usipokuwa na MC watu wanasema familia haijajipanga. MC akapiga kwaya, alafu bongo fleva za taratibu, alafu ikaja kuwa sio za taratibu tena, mpaka saa 5 usiku na dakika zake. Hakuna mgambo aliyekuja. Hata mmoja. Mtendaji ulikuwepo umekaa kwenye kiti cha plastiki unakunywa soda, nilikuona.

Baada ya hapo jenereta likaisha mafuta.

Pakawa giza na kimya, moto tu wa magogo pale nje walipolala wanaume. Ndo akaja yule bibi mwingine, rafiki wa marehemu tangu usichana wao, anatembelea fimbo na mjukuu kamshika mkono. Wazee wawili wakaleta ngoma. Akaanza kuongea Kiha. Hakuongea na sisi jamani, aliongea na marehemu, kama vile marehemu amekaa pale upande wa pili wa moto na wana ugomvi kidogo. Anamuita kwa jina la baba yake, la babu yake, anamgombeza kwanini ametangulia, anacheka, ngoma inapigwa kidogo inanyamaza, wamama wanaitikia. Sikuwa naelewa vizuri, nashika neno hapa nashika neno pale, Imana yani Mungu, mwami yani mtemi, chumvi, lakini nywele zilisimama. Vijana wangu wa kijiwe, wahuni hawa mnaowajua wa kupiga honi msafara mzima, walikaa chini kwenye vumbi wakanyamaza kimya. Binamu yangu wa miaka 17, mzaliwa wa Katubuka, Kiha chake kinaishia kwenye "mwakeye" na "ego" (ndiyo), akawasha simu akawa anarekodi, akaninong'oneza "bro anasema nini?"

Sikuwa na jibu.

Hapo hapo ndo mtendaji ukaja na mgambo wawili, tochi usoni, mnasema kelele imezidi, saa sita sasa, na kwamba kama kuna la kumsemea marehemu lisemwe kesho kwa MC kwa Kiswahili ili wageni wote waelewe. Wageni gani? Msiba mzima ulikuwa wa Waha na Wamanyema wa Ujiji watatu ambao wameoa kwetu na wanaongea Kiha kunishinda mimi. Yule bibi akanyanyuliwa na mjukuu wake akaondoka. Kesho yake MC akasoma wasifu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa parokia fulani, ameacha watoto saba na wajukuu thelathini na moja, bwana ametoa bwana ametwaa, makofi. Dakika nne. Ungeweza kubadilisha jina ukamzikia mtu mwingine yeyote.

Ile rekodi ya binamu ina dakika kumi na moja. Tuliisikiliza wiki mbili baadae nyumbani kwa shangazi pale Gungu, shangazi anatafsiri huku analia huku anacheka. Kumbe yule bibi alikuwa anasimulia walivyotembea kwa miguu wakiwa wasichana kwenda Uvinza kufuata chumvi, na njiani walilala kwa watu wasiowajua, na bibi yangu aliogopa mto akabebwa mgongoni na huyu huyu anayeongea. Alafu mwishoni, kabla ya tochi zenu, alikuwa anakiri deni. Aliazima jembe kwa bibi miaka hiyo hakulirudisha, na alikuwa anaomba asiende na kinyongo. Sentensi imekatika hapo hapo, inasikika sauti ya mgambo "haya jamani haya". Wajukuu thelathini na moja wa bibi hatukujua lolote kuhusu Uvinza, mpaka simu ya mtoto wa kidato cha tatu.

Sasa niwaambie kwanini naliona hili kubwa kuliko mnavyoliona.

Huku vijijini Kibondo, Buhigwe, Kakonko, Kiha kipo kizima, watoto wanacheza nacho. Shida ni sisi tulioshuka mjini. Nyumbani tunaongea Kiswahili, kijiweni Kiswahili, shule Kiswahili na fimbo (kuna shule nilisoma mimi ukikamatwa unaongea Kiha unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzio, sijui kama kile kibao bado kipo), redioni Kiswahili au Kiingereza kwa sababu kanuni za utangazaji ndo zinavyotaka. Kiha kimebaki sehemu mbili tu kwa kijana wa mjini: kwenye matusi na kwenye msiba. Matusi tunayajua vizuri sana hayo hayahitaji sheria ya kuyalinda. Msiba ndo sehemu pekee ambapo Muha wa Mwanga au wa Dar au wa Tanga anakaa siku tatu mfululizo na wazee wake anasikia Kiha kirefu, Kiha cha watu wazima, chenye mafumbo. Harusi tumeshazihamishia ukumbini. Ngoma ya mavuno hakuna tena. Mkifunga na huku, mmefunga mlango wa mwisho na funguo mmetupa ziwani.

Na kuna jambo lingine wengi wenu mnalijua ila hamlisemi kwenye vikao. Kijana wa Kiha akitoka Kigoma anajifunza kuficha Kiha haraka sana. Kwa sababu Kiha kinafanana na Kirundi, na sisi tuko mpakani, na kumekuwa na makambi ya wakimbizi Nyarugusu na Nduta, basi ukiongea simu na mama yako kwa Kiha kwenye basi kuna mtu atakugeukia, "wewe Mrundi?" Mimi mwenyewe nilishushwa kwenye basi kwenye kizuizi kimoja, sisemi wapi, kosa langu nilikuwa naongea na shangazi kwenye simu. Kitambulisho ninacho, cha kuzaliwa ninacho, bado niliulizwa nitaje jina la mwenyekiti wa kitongoji cha babu yangu. Babu alikata mkonge Tanga enzi za mkoloni kama Waha wengine wengi waliobebwa kupelekwa huko, alilipa kodi ya kichwa, leo mjukuu anaulizwa nyie ni wa wapi. Ndo maana nasema msibani. Msibani hakuna anaekuuliza. Pale Kiha ni halali yako.

Nisingeyawaza yote haya kama nisingeenda Kenya mwaka jana.

Dada yangu ameolewa na Mlogoli, Wakenya wanawaita Wamaragoli, kabila moja kwenye lile kundi kubwa la Waluhya, kwao ni kaunti ya Vihiga. Mama mkwe wake alifariki, nikamsindikiza dada. Tulipita Kakonko, Mwanza, Sirari, Kisumu, alafu ukitoka Kisumu unapanda vilima kama unaelekea Kakamega unafika Mbale, ndo mji wao, na Mbale hii msichanganye na ile ya Uganda. Mawe makubwa kama Mwanza, chai, migomba, na watu. Watu jamani! Sensa yao ya 2019 ilihesabu watu laki tano na tisini elfu kwenye kaunti yenye kilomita za mraba mia tano na sitini hivi, yani zaidi ya watu elfu moja kwa kila kilomita. Sisi mkoa mzima wa Kigoma tulikuwa milioni mbili na laki nne na kitu sensa ya 2022, lakini ukigawa na eneo letu huku ni uwanja wa mpira. Shamba la shemeji unalivuka kwa kukohoa mara mbili. Na bado wanazika nyumbani. Kaburi la mama lilichimbwa pembeni ya la baba, nyuma ya jiko, pale pale wanapoanika nguo. Mtu akifia Nairobi atachangiwa mpaka arudishwe kwenye hicho kipande.

Nilichoenda kujifunza sikukitegemea. Nilidhani Wakenya ni Kiingereza na Sheng tu. Tumefika usiku, vijana wa umri wangu wako kwenye moto, wana simu kama zangu, wana mitindo ya nywele kama ya binamu yangu, wananisalimia "mirembe". Wanapiga stori kwa Lulogooli, Sheng inaingia inatoka, Kiswahili wananionea huruma mimi mgeni. Wenyewe wanajiita Avalogooli, sisi wenyewe tunajiita Abaha, sikiliza hapo mwanzoni, ni baba mmoja huyo. Wanasema mundu sisi tunasema umuntu. Nilikuwa naokota maneno kama mtu anayeokota dagaa waliomwagika Kibirizi. Mungu tu ndo tulitofautiana, wao Nyasaye sisi Imana, na shemeji mmoja akanitania kwamba basi maombi yangu huku hayatafika.

Usiku kucha waliimba nyimbo za kanisani kwa Lulogooli, kutoka kitabuni, vijana wanasoma wala hawababaiki. Nikauliza hichi kitabu mmekitoa wapi, mzee mmoja wa kanisa la Marafiki (Quaker) akaniambia wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, Agano Jipya kwa lugha yao likatoka 1925, Biblia nzima 1951. Yani kabla babu yangu hajarudi kutoka Tanga hawa walikuwa wanajisomea Mwanzo na Kutoka kwa lugha ya mama. Tangazo la msiba lilishasomwa redioni, wana redio zinazotangaza kwa lugha za Kiluhya. Kila tarehe 26 Desemba wana tamasha lao la utamaduni hapo Mbale, vijana wa Nairobi wanarudi kwa ajili yake. Na Katiba yao ya 2010 imeandika wazi kwamba serikali itakuza lugha za jamii, huku Kiswahili kimebaki lugha ya taifa na lugha rasmi, wala hakijaanguka kitandani.

Msinielewe vibaya, nako kuna mapungufu tele. Mjukuu mmoja kutoka Nairobi alisoma wasifu kwa Kiingereza mwanzo mwisho, bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, shemeji akanitafsiria: "huyo aliyekufa alikuwa mzungu?" Watu walicheka mpaka mchungaji. Yule mjukuu akaona aibu, akamalizia kwa Lulogooli cha kuchechemea, akapigiwa vigelegele. Na wanasiasa msibani kule ni balaa, walipanga foleni ya kuongea kama wako kliniki, kwa hilo sisi bado tuna afadhali na naomba msijifunze.

Siku chache baada ya mazishi ndo likaja lile jambo. Familia ilikaa, wakanyolewa nywele, alafu mzee wa ukoo akauliza mbele ya watu wote: nani anamdai marehemu, na nani alikuwa anadaiwa na marehemu. Ni desturi yao. Kuna mama alisema anadai kuku, ikaandikwa. Kuna kijana alisimama akasema mimi ndo nilikuwa nadaiwa, mama alinipa hela ya karo na sikuwahi kurudisha, akapewa muda. Vyote kwa Lulogooli. Nikaona vizuri sana, ila sikukipa uzito, nikarudi zangu Kigoma kuendesha boda. Mpaka niliposikia ile rekodi, bibi anakiri jembe. Kumbe na sisi tulikuwa na namna yetu ya kusafisha madeni ya marehemu, mtu mmoja mmoja, usiku, kwa lugha ambayo marehemu anaielewa, na tochi ikaimulika ikaikimbiza.

Shemeji alinipa na stori nyingine ambayo ilinikumbusha kile kizuizi. Kuna Walogoli wako Uganda miaka mingi, upande wa Kiryandongo, tangu enzi za ukoloni. Katiba ya Uganda ya 1995 ilipoorodhesha makabila ya nchi wao hawakuandikwa, ikawa tabu hadi kwenye vitambulisho vya taifa. Nikamwambia shemeji basi nyie na sisi ni ndugu kuliko nilivyodhani, maana na sisi tunaulizwa kila siku ni wa wapi. Yeye akasema wenzao wa kule ndo wameshikilia Lulogooli zaidi. Sijui kama ni hasira au nini.

Sasa nije kwenye makosa yetu vijana maana najua diwani wa upande wa pili ameshaanza kusema "na vigodoro je?", yani zile disko zetu za usiku kucha.

Ni kweli. Tunakosea. Misiba tumeigeuza. Tunakimbiza pikipiki mbele ya gari la jeneza tunakata ekzosti, mwaka juzi mwenzetu aliumia mguu kwenye msafara wa mwenzetu mwingine aliyekufa kwa ajali hiyo hiyo ya mwendo, ukikaa ukaifikiria ni wazimu. Tunachanga hela ya tisheti kabla ya hela ya jeneza. Spika zinapigwa singeli usiku na watoto wa shule wapo, wasichana wadogo wapo, na kinachotokea gizani kila mtu anakijua. Kule kwa Walogoli na Waluhya wenzao wana kitu wanaita disko matanga, muziki wa usiku wa kuchangisha hela ya mazishi, na machifu wamezipiga marufuku mara kadhaa kwa sababu ya mimba za utotoni na vurugu. Chifu wa kule kwa shemeji alikuja jioni ya kwanza kuangalia kama kuna spika. Alipoona ni kwaya na ngoma akakaa akala, akaimba beti mbili, akaenda. Hiyo ndo tofauti naomba mwione: alijua kutenganisha.

Kwahiyo kifungu cha spika na jenereta kisiguswe, hata kiwe saa 3 usiku mimi sawa, nitakuwa wa kwanza kuzima. Cha watoto chini ya miaka 18 kutokuwepo usiku bila mzazi, sawa kabisa. Cha pikipiki kutokimbizana, mimi na viongozi wa kijiwe tuko tayari kusaini na tutasimamia wenyewe, faini mtuwekee. Kibali cha elfu ishirini kwa kila msiba hicho kitawashinda kukitetea, mtu amefiwa hana hata unga, ila wataongea wengine.

Ngoma ya ngozi na sauti ya mzee anaeongea na maiti wake, itoeni humo. Haijawahi kumpa mtu mimba.

Na ule mstari wa lugha ufutwe wote, usirekebishwe, ufutwe. Mtaniambia ni kwa ajili ya umoja wa kitaifa, na mimi Kiswahili nakipenda ndo hichi nawaandikia, bila Kiswahili nisingeongea hata na huyo shemeji. Taifa letu tuliacha hata kuulizana kabila kwenye sensa, mara ya mwisho ilikuwa 1967, na ni jambo jema, mimi siombi turudi huko. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, ya serikali hii hii, inasema jamii zetu ziendelee kutumia lugha zao za asili na kujivunia, na watu wahamasishwe kuziandika, kuzikusanya na kuzihifadhi. Afisa utamaduni hiyo sera ni kitabu chako wewe. Ungetakiwa uwe umeshaipinga hii rasimu kabla ya dereva boda. Sikulaumu sana, najua ofisi yako haina hata pikipiki, lakini usiku wa msiba wa bibi kulikuwa na dakika kumi na moja za kazi yako na aliyeifanya ni mtoto wa kidato cha tatu kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Mfanye mpango. Hata memori kadi tu mtupe, vijana wa kijiwe tunafika vijiji vyote, tutarekodi wazee wanaokubali kurekodiwa, sio lazima wasubiri kufa.

(Wasanii waliotoka Kigoma walipoungana mwaka 2012 wakatoa wimbo, jina lake waliupa la Kiha, na nchi nzima iliimba bila kujua maana. Hakuna aliyesema ni ubaguzi. Wengi wenu mliucheza, diwani mmoja namkumbuka kabisa na shati limetoka.)

Kuhusu utaratibu: Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inawataka mtangaze rasimu na wananchi watoe maoni kabla haijapitishwa. Karatasi moja kwenye ubao, imefunikwa nusu na tangazo la chanjo ya mifugo, hiyo sio kutangaza. Isomeni kwenye mikutano ya vijiji. Na isomeni kwa Kiha, maana wanaoguswa zaidi ni wale wazee ambao Kiswahili cha "kuratibu" na "mikusanyiko" hakiwafikii, watapiga makofi alafu siku ya msiba washangae tochi.

Jembe lilipatikana, nimesahau kuwaambia. Yule bibi alikuwa nalo kweli, limebaki kipande tu kimelika kama kucha. Shangazi alienda akalipokea siku ya kuanua matanga, wakaongea wawili ndani mlango umefungwa. Sasa lipo kwa shangazi limening'inizwa ukutani.

Kikao cha maoni nimesikia ni Jumatano ya wiki ijayo saa 3 asubuhi ukumbi wa kata. Nitakuja na huyo bibi, nitampakia mwenyewe, tutakuja polepole maana mgongo unamsumbua, kwahiyo tukichelewa kidogo msifunge orodha ya waongeaji. Mwekeeni kiti chenye egemeo. Ataongea Kiha. Kama hamna mkalimani nitatafsiri mimi, nimekuwa nikijifunza kwa shangazi tangu mwezi wa pili, na sehemu ambazo sitaelewa nitasimama niwaambie hapa sijaelewa, tumuulize.